Usizime: habari ya umeme unaolisha vigunduzi vya chembe

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili iwe rahisi kutoroka, habari za mchana.

Nimeombwa niseme kuhusu fizikia ya chembe, nami nitaanza na harusi. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kupeleka umeme uwanjani, na nyumba yenye umeme ilikuwa ng'ambo ya pili ya uwanja. Nikaunga ekstensheni tatu za waya mwembamba, kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo na kwa sababu nilijiamini. Saa moja jioni kila kitu kiliwaka. Saa mbili wakaongeza friji ya pili na birika kubwa la chai, taa zikageuka rangi ya chungwa, spika zikaanza kukoroma. Nikafuata waya gizani kwa mkono mpaka nikafika kwenye ile ekstensheni ambayo sikuikunjua, iliyobaki imezungushwa kwenye gurudumu lake. Ilikuwa ya moto kama chapati inayotoka kikaangoni, na ganda lake lilikuwa limeanza kushikana. Ule umeme uliokosekana kwenye spika ulikuwa mle, unapika plastiki. Bibi harusi hakujua lolote. Mjomba wake alijua, na malipo yangu yalijua pia.

Mimi sijaajiriwa CERN, ile maabara kubwa ya fizikia ya chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Ni fundi wa umeme niliyesoma fizikia na nikabaki na ugonjwa wa kufuatilia habari za mashine zile. Lakini nawaambia, ile ekstensheni ya harusi iko Cessy, kijiji cha Ufaransa karibu na mpaka wa Uswisi, mita 100 hivi chini ya ardhi, ndani ya kigunduzi kiitwacho CMS, mashine inayotazama chembe zinazoruka protoni zikigonganishwa.

Watu wakisikia umeme wa CERN hufikiria ukubwa: megawati zipatazo 200 mashine zote zikiwa kazini, laini ya volti 400,000 kutoka gridi ya Ufaransa. Huo nao una vituko vyake. Aprili 2016 mnyama mdogo wa jamii ya kicheche aliingia kwenye transfoma ya volti 66,000 akasimamisha LHC nzima, kigonganishi cha protoni chenye mzunguko wa kilomita 27. Novemba mwaka huohuo mwenzake aliruka uzio akagusa transfoma ya volti 18,000, na huyo wa pili leo yuko kwenye jumba la makumbusho la Rotterdam, amekaushwa, manyoya yameungua. Ila mimi sikuja kwa ajili ya umeme huo. Nimekuja kwa ule wa hatua ya mwisho, wa volti moja na kitu, unaoingia kwenye chipu.

CMS ni pipa la tani 14,000. Ndani yake kuna sumaku ya tesla 3.8, yaani makumi ya maelfu ya mara kuliko ile inayogeuza dira yako. Katikati kabisa, kuzunguka bomba ambamo protoni zinagongana, kuna tabaka za silikoni zinazofuatilia njia za chembe. Kifuatiliaji hicho, tangu kilipowekwa, kina silikoni ya mita za mraba kama 200, na kila kipande kina chipu zinazosoma mapigo yake. Chipu hizo hazina ulafi wa volti. Zinataka volti 1.25 na 2.5 tu. Ila ziko nyingi mno, na mikondo yake ukiijumlisha inafika ampia zipatazo 15,000.

Fundi akisikia volti 2 na ampia 15,000 anajishika kichwa, na ana haki. Joto kwenye waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, kwa hiyo mkondo unalipiwa mara mbili. Pawa saplai ziko mbali, mwendo wa nyaya wa mita 50 hivi. Matokeo yake, katika kile kifuatiliaji cha kwanza, karibu nusu ya umeme uliotoka kwenye pawa saplai uliishia njiani kwenye nyaya, ukawa joto ambalo mabomba ya kupozea yalilazimika kuliondoa.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: ongeza unene wa waya, kuna ugumu gani? Ndivyo nilivyopaswa kufanya kwenye harusi. Kule huwezi, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niupende mchezo huu.

Kule waya wenyewe ni uchafu machoni. Kigunduzi kinatakiwa kione chembe bila kuzigusa, au kuzigusa kidogo iwezekanavyo. Boson ya Higgs, chembe iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012, ilionekana kwa njia mbili kuu, na mojawapo ni pale inapovunjika kuwa fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga. Fotoni ikitoka katikati ikakutana na shaba, au bomba la maji, au bamba la kushikia, inaweza kugeuka palepale kuwa elektroni na positroni, pacha wake wa chaji chanya, kabla ya kufika kwenye fuwele za kuipimia. Umeongeza shaba ili chipu ishibe, kumbe umeziba dirisha. Nimeziona picha walizochora kwa kutumia chembe zilizogonga vitu vya ndani: unaona mabomba na nguzo zake zimejitokeza kama mifupa kwenye eksirei. Wenye kazi yao huzitazama picha zile kwa aibu kidogo, maana kila mfupa ni kitu ambacho wangetamani kisiwepo.

Basi weka pawa saplai ndani, karibu na chipu? Hapo kuna sumaku na kuna mionzi. Sumaku nitaifikia. Mionzi huharibu transista polepole, na mara nyingine chembe moja tu ikipita mahali pabaya inageuza sifuri kuwa moja, chipu ikachanganyikiwa.

Jawabu la zamani lilikuwa nyaya za kunusa. Pamoja na nyaya nene unarudisha nyaya mbili nyembamba kutoka kwenye mzigo, pawa saplai inanusa kule mwisho kuna volti ngapi, kisha inasukuma zaidi mpaka kule mwisho pawe sawa. Inafanya kazi, ila ina hila. Mzigo ukipungua ghafla, zile volti zilizokuwa zinaliwa na waya zinafika zote kwenye chipu kabla pawa saplai haijashtuka, na chipu ya volti 2.5 haina subira.

Juu ya hayo kuna umeme wa namna ya pili, wa mamia ya volti na mkondo mdogo sana, unaowekwa kwenye silikoni yenyewe ili chaji zikusanyike haraka. Huo nauacha kwa sasa. Utarudi wenyewe, na hautarudi kwa wema.

Mwanzoni mwa 2017 CMS ilibadilisha sehemu ya ndani kabisa, ile ya pikseli, yaani silikoni iliyogawanywa vijisehemu vidogo kama vya kamera. Ya zamani ilikuwa na pikseli milioni 66, mpya ikaja na milioni 124. Tabaka la kwanza liko sentimita 3 tu kutoka katikati ya boriti, yaani ule mkondo wa protoni. Pikseli karibu mara mbili, lakini nyaya zilizolazwa tayari ndani ya mashine ni zilezile, na hakuna nafasi ya kupitisha nyingine hata ukiomba kwa machozi. Wakafanya ambacho shirika lolote la umeme hufanya kati ya bwawa na mji: peleka volti kubwa, zishushe karibu na mlaji.

Tupige hesabu, nayo ni fupi. Chipu zinataka wati 10 kwa volti 2.5. Ukizipelekea moja kwa moja, waya unabeba ampia 4. Sasa peleka volti 10, weka karibu na chipu kibadilishi kinachoshusha, na tuseme kinakula kidogo kwa hiyo unapeleka wati 12.5. Mkondo kwenye waya ni ampia 1.25. Gawa, zidisha kwa nafsi yake: joto kwenye waya limebaki sehemu moja ya kumi. Waya ni uleule.

Mnavijua vibadilishi hivi. Viko kwenye chaja za simu zenu, mafundi wa redio wanaviita stepdauni. Swichi inafungua na kufunga mara laki kadhaa au milioni kwa sekunde, koili inahifadhi na kuachia, kapasita inatuliza. Ila cha dukani ukikitia ndani ya CMS kinakufa siku ya kwanza, na kinachokiua kwanza ni koili. Koili ya chaja imezungushwa kwenye feraiti, ile nyeusi kama mkaa. Feraiti ina tumbo dogo. Inashiba sumaku kabla ya kufika hata tesla 1, na wewe umeiweka kwenye 3.8. Ikishiba haihifadhi kitu, koili inageuka kuwa kipande cha waya, swichi inaungua. Kwa hiyo koili za kule hazina feraiti kabisa. Ni waya wa shaba uliozungushwa juu ya pete ya plastiki, moyo wake hewa tupu. Hewa haishibi. Lakini koili ya hewa ni dhaifu, lazima uiendeshe kwa kasi kubwa zaidi, mara milioni moja na nusu kwa sekunde au hata zaidi, na kwa kasi hiyo inapiga kelele za umeme kila upande, karibu na chipu zinazosikiliza mapigo madogo kuliko mnong'ono. Wakaifunika kwa kifuniko cha plastiki kilichopakwa shaba. Kibao kizima ni kidogo kuliko kiberiti.

Moyo wa kibao hicho ni chipu iitwayo FEAST, iliyobuniwa palepale CERN kuhimili mionzi na sumaku. Vibao vyenyewe vilitengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Vilifungwa vipatavyo 1,200. Vilikuwa vimepigwa mionzi ya majaribio kwa kipimo kikubwa kuliko vitakachokutana nacho, vikapita. Machi 2017 vikawashwa. Aprili sawa, Juni sawa, Agosti sawa.

Oktoba vikaanza kufa. Kimoja, halafu vingine, bila mpangilio unaoeleweka, mpaka mwisho wa mwaka takriban asilimia 5 vilikuwa kimya.

Hapa nataka tutulie, maana kila fundi humu ndani amewahi kuwa mahali hapa. Kifaa kinakufa. Unauliza swali la kwanza: kilikuwa kinafanya nini kilipokufa? Nao wakauliza. Jawabu likawa la ajabu: vilikuwa havifanyi kitu. Vilikuwa vimezimwa. Unakizima kikiwa kizima, unakiwasha, hakiamki.

Na kwa nini walikuwa wanavizima? Kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Kwenye moduli za pikseli, yaani vipande vya silikoni pamoja na chipu zake, kuna chipu ndogo inayoratibu zamu za kusoma data, na chembe ikiipiga vibaya inakwama. Kwa bahati mbaya katika kukwama kwa namna fulani haikuwa na njia ya kuamshwa kwa amri. Dawa ilikuwa moja, ile mnayoijua, ile tunayompa mteja kwa simu kabla hatujavaa viatu: izime, uiwashe tena. Kibadilishi kina waya wa amri wa kukizima na kukiwasha, kwa hiyo walikuwa wanatumia huo. Mashine inaendelea, moduli imekwama, zima, washa, data inarudi. Kila mtu anafurahi. Na kila zima ilikuwa inahatarisha kibadilishi.

Chanzo hakikujulikana kwa haraka. Majira ya baridi ya mwaka ule walikitoa kigunduzi cha pikseli shimoni, wakabadilisha vibadilishi vyote, vizima na vibovu, wakiwa bado hawajui wanapigana na nani. Walipovipima vilivyotoka wakakuta vingine vingi ambavyo bado vilikuwa vinafanya kazi vimeshajeruhiwa. Fikirieni uamuzi huo: kufunga vipya 1,200 vya aina ileile bila kujua kwa nini vya kwanza vilikufa. Mimi ningelala vibaya.

Jibu likapatikana 2018, baada ya kuvipiga mionzi tena maabara, safari hii wakivizima na kuviwasha. Mionzi ilikuwa imeifanya transista moja ndani ya chipu ivuje. Mkondo mdogo, kama bomba linalodondosha. Chipu ikiwa imewashwa, mkondo huo unaliwa na saketi nyingine, hakuna anayeuona. Chipu ikizimwa, hakuna wa kuula. Unajikusanya taratibu kwenye kapasita, volti zinapanda mahali ambapo hazikutakiwa kuzidi 3 na kitu, zinazidi, transista za jirani zinapasuka. Ndoo chini ya bomba bovu: familia ikiwepo nyumbani maji yanatumika, wakisafiri wanarudi wanakuta sakafu imeoza. Majaribio ya awali yalipita kwa sababu chipu zilipigwa mionzi zikiwa zimewashwa, na ni haki, maana nani hupima kifaa kwa kukiacha kimezimwa?

Sasa ule umeme wa mamia ya volti, niliosema utarudi. Kibadilishi kikifa, chipu za moduli hazina umeme, lakini silikoni juu yake bado ina volti zake kubwa. Mkondo unaovuja kwenye silikoni unaingia kwenye chipu iliyolala, haina pa kuupeleka. Baadhi ya moduli za tabaka la kwanza ziliharibika kwa njia hiyo. Kibao cha bei ndogo kikazima, kitu cha thamani nyuma yake kikaumia, sawa na fyuzi iliyokatika waya mmoja tu wa fezi tatu na mota ikaendelea kunguruma mpaka ikaungua.

Mwaka 2018 wote walifanya mambo mawili ya kawaida kabisa. Walipunguza volti zinazoingia kwenye vibadilishi. Na wakatoa amri: boriti ikiwepo, usizime kibadilishi kwa waya wake. Ukitaka kuamsha chipu iliyokwama, kazime pawa saplai kule mbali, ili kusiwe na volti ya kuingia na kapasita isiwe na cha kukusanya. Mwaka ukapita hakikufa hata kimoja. Baadaye ikatengenezwa chipu iliyorekebishwa, ndiyo iliyofungwa kwa awamu iliyofuata.

Niseme neno moja juu ya yanayokuja, kwa sababu vijana watauliza. LHC inaandaliwa kuwa na mgongano mzito zaidi, hadi protoni jozi 200 kwa kila mkutano mmoja wa boriti, na imepangwa ianze kazi hivyo 2030. Pikseli mpya za CMS zitakuwa kwenye bilioni 2, chipu zinataka volti 1.2 tu, na mionzi karibu na boriti ni mikali hata vibadilishi vya FEAST na wadogo zake haviwezi kukaa pale. Kwa hiyo CMS na kigunduzi kingine kiitwacho ATLAS wameamua jambo ambalo ukilifanya kwenye nyumba ya mtu unafukuzwa: wanafunga moduli za pikseli kwa mfululizo, kama taa za mapambo ya sherehe. Mkondo uleule unapita moduli ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na zaidi. Moduli kumi zinazotaka ampia 5 kila moja zingehitaji waya wa ampia 50. Zikifungwa hivi zinahitaji waya wa ampia 5.

Mzee mmoja fundi nilipomweleza hili aliniambia, "Taa moja ikiungua, mtaa mzima giza." Sawasawa kabisa. Kwa hiyo kila moduli ina chipu kadhaa zilizofungwa sambamba, na ndani ya kila chipu kuna kirekebishi kinachomeza mkondo wote inaotakiwa kuumeza, utumike usitumike. Chipu isipohitaji, inauchoma kuwa joto ili mwenzake wa mbele asikose. Chipu moja ikikatika, jirani zake kwenye moduli wanabeba sehemu yake. Na jambo la kuwachekesha wenye leseni: kila moduli ina sifuri yake. Ethi ya moduli ya tano iko juu ya ethi ya moduli ya nne kwa volti moja na kitu, hivyo data haiwezi kupita kwa waya wa moja kwa moja, inarushwa kupitia kapasita. Mimi niliposoma hilo mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikaenda kunywa chai.

Muda wangu naona mwenyekiti anauangalia, basi nihamie mezani. Hapa nina koili mbili. Hii nyeusi nimeing'oa kwenye chaja ya laptopu iliyokufa, ina feraiti. Hii nyingine nimezungusha mwenyewe jana usiku kwenye kipande cha bomba la plastiki, mizunguko 60, mtoto wangu akinihesabia na kunikosesha. Mita ya kupimia koili ni hii. Na hii ni sumaku ya ndani ya diski ngumu ya kompyuta ya zamani, ndogo lakini inauma vidole. Tazameni mita: koili ya feraiti, nasogeza sumaku, nasogeza, mmeona namba inavyoporomoka? Imeshiba. Sasa ya plastiki. Inatikisika kidogo tu, inakaa palepale.

Njoni mjaribu, mstari mmoja, wa nyuma waanze kwa kuwa ndio waliotaka kutoroka. Aliyevaa saa ya mshale aiache kwenye kiti, na kadi za benki pia.